Kodi ya Sarafu za Fedha Zinazonunuliwa Nje ya Nchi: Mambo ya Kuzingatia Mpakani

Mkazi wa Mkuu, wilayani Rombo, anaishi kati ya vituo viwili vya forodha: Tarakea upande wa kaskazini na Holili upande wa kusini. Suala la kodi kwa bidhaa iliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka si geni kwake. Makala haya yanalieleza kuhusu sarafu zilizofuliwa kwa madini ya fedha, ambazo baadhi ya wananchi hununua nje kama akiba au kumbukumbu. Miongoni mwake ni rupia za enzi ya utawala wa Wajerumani, na sarafu za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 1974, ya shilingi 25 yenye picha ya twiga na ya shilingi 50 yenye picha ya faru.

Kodi iliyolipwa nje haifuti ya nyumbani

Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) hutozwa mahali bidhaa inapotumika. Kenya hutoza asilimia 16, Uingereza asilimia 20 na Falme za Kiarabu asilimia 5. Mnunuzi anayeingiza bidhaa Tanzania Bara anawajibika kwa VAT ya hapa, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, hata kama hajasajiliwa kwa kodi hiyo. Kiasi alichotozwa nje hakipunguzwi katika hesabu ya hapa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, amuulize muuzaji iwapo bidhaa inayosafirishwa nje ya nchi yake inaondolewa kodi, au iwapo msafiri hurejeshewa. Falme za Kiarabu zina utaratibu wa kuwarejeshea watalii. Uingereza iliusitisha kwa bidhaa ambazo msafiri hubeba mwenyewe kutoka madukani mwishoni mwa mwaka 2020.

Thamani inayokokotolewa

Forodha huangalia bei iliyolipwa. Sarafu iliyoandikwa shilingi 50 haithaminiwi kwa shilingi 50 ikiwa imenunuliwa kwa laki kadhaa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, Sura 148, thamani ya forodha hujumlishwa na gharama za bima na usafirishaji ambazo hazijahesabiwa, pamoja na ushuru wa forodha. VAT hutozwa juu ya jumla hiyo.

Kwa mfano, chukulia kwamba thamani ya sarafu ikijumuisha usafiri ni shilingi 1,000,000 na ushuru ni asilimia 10. Ushuru utakuwa shilingi 100,000. VAT itakokotolewa juu ya shilingi 1,100,000, nayo itakuwa shilingi 198,000. Jumla ni shilingi 298,000, bila kuhesabu tozo nyingine. Kiwango halisi cha ushuru hutegemea namna afisa wa forodha anavyoiainisha sarafu husika.

Bidhaa za Afrika Mashariki

Bidhaa zenye asili ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki husamehewa ushuru wa forodha zinapothibitishwa asili yake, lakini hazisamehewi VAT kwa sababu hiyo pekee. Aidha, asili haitokani na duka. Sarafu iliyofuliwa London haiwi ya Kenya kwa kuuzwa Taveta au Nairobi.

Wajibu wa msafiri na mpokeaji wa kifurushi

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka nafuu kwa mizigo binafsi ya abiria, kwa masharti na kikomo cha thamani. Nafuu hiyo hutolewa kwa mizigo iliyotolewa tamko, na haihusu bidhaa za biashara. Anayepokea sarafu kwa posta, hata zikiwa zawadi ya ndugu aliye ughaibuni, naye anatakiwa kuonesha thamani yake halisi.

Wananchi wanashauriwa:

- kutunza ankara, risiti na uthibitisho wa malipo;
- kutaja katika tamko aina ya madini, uzito, mwaka na idadi ya sarafu, kwa kuwa neno "fedha" pekee laweza kueleweka kuwa ni pesa taslimu;
- kuulizia kiwango cha ushuru katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kuagiza;
- kulipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali na kudai stakabadhi.

Kutoa tamko la uongo au ankara ya kughushi ni kosa chini ya kifungu cha 203 cha sheria hiyo ya forodha. Mwananchi aliyekusanya akiba yake kwa miaka mingi asiiweke hatarini kwa kukwepa kodi ambayo angeweza kuijua mapema.