Kinshasa kwa Miguu: Sanamu Zilizohamishwa na Historia Iliyobaki

Katika lugha ya Kiswahili, neno « makumbusho » latokana na kitenzi « kumbusha ». Makumbusho basi si ghala la vitu vya kale tu. Ni mahali ambapo mtu fulani anamkumbusha mwingine jambo fulani. Atembeaye kwa miguu katika jiji la Kinshasa hana budi kujiuliza mara kwa mara: ni nani akumbushaye, na ni nani akumbushwaye?

Tuanzie Gombe, kwenye barabara kuu ya tarehe 30 Juni, ambayo zamani iliitwa kwa jina la Mfalme Albert wa Kwanza. Mwaka 1928 mfalme huyo alizindua mjini Léopoldville sanamu ya Léopold wa Pili akiwa juu ya farasi. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 1967, wakati wa utawala wa Mobutu. Mwezi Februari 2005 ilisimamishwa tena kwa amri ya waziri wa utamaduni, ikateremshwa baada ya saa chache tu. Mbele ya Palais de la Nation, ambapo uhuru ulitangazwa mwaka 1960, leo hii lipo kaburi la Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Utawala mmoja huondoa, mwingine husimamisha.

Hatua ya pili ni kilima cha Ngaliema. Wakati wa ukoloni kilima hicho kiliitwa kwa jina la Stanley, yule ambaye Wakongo walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Baadaye jina hilo likawa la dola lenyewe la kikoloni. Sanamu yake, kazi ya Arthur Dupagne, iliangushwa mwaka 1971, katika kipindi kile cha siasa ya uhalisi. Kilima kikapewa jina la chifu aliyepatana na Stanley. Ajabu ni kwamba sanamu za wakoloni hazikuyeyushwa. Zilihifadhiwa kilimani hapo hapo, katika eneo la Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, iliyoundwa mwaka 1970. Aliyekuwa akitawala njia panda sasa ni kielelezo miongoni mwa vielelezo, na mtazamaji anaweza kumzunguka bila kuinua macho.

Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114 tu kutoka Tervuren, na katika machafuko ya mwaka 1997 ghala la Kinshasa liliporwa. Makumbusho mapya ya Taifa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, yalifunguliwa mwaka 2019. Mwezi Juni 2022 Mfalme Philippe alikabidhi humo kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa njia ya mkopo usio na kikomo. Neno « mkopo » lastahili kupimwa vizuri: mwenye mali hakopeshwi mali yake.

Matembezi yafikia kilele huko Limete, chini ya ule mnara mrefu ulioanza kujengwa wakati wa Mobutu. Huko yupo Lumumba, sanamu yake ikiinua mkono. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukaangamizwa ili asiwe na kaburi. Kilichosalia ni jino moja, lililochukuliwa na polisi mmoja Mbelgiji. Lilirudishwa kwa jamaa zake mwezi Juni 2022, likapitishwa Onalua, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Limete tarehe 30 Juni. Mwezi Novemba 2024 wavamizi walivunja kaburi hilo. Serikali ikatangaza kwamba jino li salama.

Linganisha basi: mfalme ambaye hakukanyaga Kongo kamwe alipewa shaba nzito na farasi, waziri mkuu wa kwanza wa nchi aliachiwa jino. Lakini ni jino hilo lililovuta umati wa watu njiani, ilhali shaba yasubiri wageni kilimani. Hivyo, uzito wa kumbukumbu haupimwi kwa mizani ya madini. Ni wajibu wa chuo kikuu kuwafundisha vijana kusoma jiji lao, wayatazame yaliyosimama, na zaidi ya hayo, waulize juu ya misingi iliyobaki mitupu.