Maktaba na Mji Uliotanuka

Historia ya maktaba ni historia ya haja za watu. Haja ikibadilika, nyumba ya vitabu haina budi kubadilika nayo, ama sivyo hugeuka ghala. Mwaka 1931 mtaalamu wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alitoa kanuni tano za kazi ya ukutubi, na ya mwisho yaifananisha maktaba na kiumbe kinachokua. Yafaa tuipime Dar es Salaam kwa kanuni hiyo.

Kabla ya uhuru, wasomaji wengi wa Tanganyika walioishi mbali na miji walitegemea masanduku ya vitabu na vifurushi vya posta vya East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948. Mwaka 1960 S. W. Hockey, msimamizi wa maktaba wa ofisi hiyo, alishauri kila nchi iwe na bodi yake. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963. Na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa katikati ya Dar es Salaam.

Haja kubwa ya zama zile ilikuwa kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na maktaba za vijiji zikafuata madarasa, kwa kuwa mtu aliyejua kusoma leo, asipopata cha kusoma kesho, husahau. Halafu ikaja dhiki ya miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilipungua, na vitabu vipya vikaadimika. Hata hivyo wasomaji hawakukoma kuja. Wengi walikuwa wanafunzi waliobeba madaftari yao wenyewe, wakitafuta kiti, meza na utulivu. Hivyo haja ilikuwa imebadilika kimyakimya: rafu ilipopungukiwa, chumba kilizidi thamani.

Wakati huohuo mji nao ulikuwa ukihama. Sensa ya 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu karibu 273,000. Ile ya 2022 iliwahesabu mkoani zaidi ya milioni 5.3. Wengi wao hawakai karibu na Maktaba Kuu. Wako Bunju, mwisho wa Kinondoni, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Wako Mbagala, katika Temeke, ambako nyumba moja hugawanywa vyumba, na chumba kimoja hulala jamaa wengi. Mtoto wa huko, kabla hajafungua kitabu cha maktaba, sharti kwanza apate nauli.

Miji mingine imekutana na jambo hili. Mwaka 1901 Andrew Carnegie aliipa New York dola milioni 5.2, nazo zikajenga matawi ya maktaba katika mitaa ya watu. Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu 1996 vitabu vimepelekwa kwa wafugaji juu ya migongo ya ngamia. Nairobi nako, asasi ya Book Bunk imefufua matawi ya zamani ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya mashariki iliyo mbali na fahari ya jengo la McMillan.

Huenda msomaji akauliza: je, simu haikumaliza mambo? Naam, simu imeleta habari nyingi kiganjani, wala si haki kuidharau. Lakini simu yataka bando, nayo haina meza. Haizimi kelele za jirani, wala haimwonyeshi mwanafunzi ni lipi katika maelfu ya majibu linalostahili kuaminiwa. Kazi hiyo ya mwisho ni ya mkutubi, na leo ni nzito kuliko alipokuwa akilinda rafu.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa miaka mingi tumemwachia msomaji peke yake kuinama. Maktaba nayo yapaswa kuinama: chumba kidogo chenye taa, viti, mtandao na mkutubi mwenye subira, karibu na stendi ya Mbagala au soko la Bunju, chaweza kumfaa mtoto wa huko kuliko ghorofa asiloweza kulifikia. Kiumbe kinachokua hunyoosha matawi kuelekea kwenye watu.