Vyuo vilipoanza kuhesabu kompyuta: Maseno, Bondo na wengine

Wasomaji, leo tugeukie historia kidogo. Mwaka 2006 KENET, mtandao wa elimu wa Kenya ulioanzishwa 1999, uliviuliza vyuo 25 swali ambalo wakuu wa vyuo hupenda kulijibu kwa hotuba: je, mko tayari kwa zama za intaneti? Kazi iliongozwa na Meoli Kashorda na Timothy Waema. Walichukua kipimo kilichotungwa Harvard, wakakirekebisha, wakabaki na viashiria 17, kila kimoja kikipewa ngazi ya 1 hadi 4.

Ninachokipenda ni kwamba hawakumwuliza mtu mmoja. Chuo kilitoa takwimu: mashine ngapi, laini ya ukubwa gani. Wanafunzi na walimu nao wakajaza dodoso zao kuhusu wanachokiona. Majibu ya upande mmoja yangekuwa tangazo la chuo tu. Kisha takwimu ziligawanywa: kompyuta kwa kila wanafunzi 100, uwezo wa laini kwa kila 1,000. Hapo maabara iliyozinduliwa kwa ngoma na vigelegele huanza kuonekana ndogo.

Huku ziwani, kugawanya huko kuna mtego. Maseno, chuo kikuu kamili tangu 2001, kina kampasi kuu kwenye Ikweta, barabara ya Kisumu kwenda Busia, na kampasi nyingine Kisumu mjini. Anayejilipia karo na kusoma jioni mjini, utamhesabia mashine za Maseno? Wastani mmoja unamficha, naye yuko saiba akilipa kwa dakika. (Waandika programu wenzangu, tunajua balaa la kigawanyo.)

Mwaka 2008 utafiti ulipanuliwa hadi vyuo 50 katika nchi tano za Afrika Mashariki. Ndiyo picha ya mwisho ya enzi ya setilaiti, maana mikongo ya baharini ilifika Mombasa katikati ya 2009.

Uliofuata, wa 2013, ulihusu vyuo 30 vya Kenya. Lakini usikimbilie kuchora mstari kutoka 2006. Bondo, kwa mfano, kilikuwa chuo kishiriki cha Maseno kuanzia 2009, kikapata hati yake 2013 kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Kundi linalopimwa limebadilika, na kipimo pia kimechakaa: mwanafunzi mwenye laptopu yake haulizi maabara ina mashine ngapi, anauliza kama waifai inafika bwenini.