Mifupa ya Wapagazi wa Unyamwezi

Oktoba 1873, Susi, Chuma na wenzao waliingia Unyanyembe, palipo Tabora ya leo, wakiwa na maiti ya David Livingstone waliyoibeba kutoka karibu na Ziwa Bangweulu. Mwaka uliofuata madaktari wa London waliutambua mwili huo kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ambao simba aliuvunja mwaka 1844 kule kusini mwa Afrika na haukuunga sawasawa. Mfupa hutunza habari za mwenyewe. Mifupa ya wapagazi waliotembea njia hiyohiyo kwa maelfu haikuwekwa mezani pa daktari, lakini chakula chao, mizigo yao na kazi za makwao zinajulikana. Kwa ushahidi huo nashikilia kwamba nguvu iliyoifanya Tabora kuwa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu ilijengwa shambani kabla ya safari, na kwamba njia ya misafara iliitumia kuliko ilivyoirudisha.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu, mkeka na silaha ya mpagazi mwenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kilomita 800 hivi, mwendo wa miezi mitatu kama njia ilikuwa shwari. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kujizoeza na vipembe vidogo begani. Wageni wengi wakahitimisha kwamba Mnyamwezi amezaliwa mpagazi. Hitimisho hilo ni la uvivu, na linafuta jasho la wazazi waliomlea. Mwaka 1892 Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Berlin, alieleza kwamba mfupa hujiunda kwa kufuata uzito unaoulemea; nasi leo tunajua kwamba sehemu kubwa ya akiba ya mfupa huwekwa utotoni na ujanani. Kijana aliyeinua matuta kwa jembe la mkono tangu mdogo alifika msafarani akiwa na akiba hiyo. Lakini kazi ni fundi tu. Matofali hutoka kwenye chakula.

Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Mtu atauliza: madini ya chokaa, yaani kalisi, yalitoka wapi, iwapo misitu ya miombo yenye mbung'o ilizuia ng'ombe sehemu nyingi, na maziwa hayakumfikia kila mtu? Jibu limo katika nafaka na mboga. Gramu 100 za ulezi zina kama miligramu 340 za kalisi, zaidi ya mara kumi ya mahindi. Ni kweli kwamba nafaka ina asidi inayoyashika madini hayo yasifyonzwe vizuri, ila kuiotesha na kuichachua, kama wanavyofanya watengenezaji wa togwa na pombe, hupunguza kizuizi hicho. Kulikuwa na majani ya kunde, mabichi na yaliyokaushwa, nsansa ambazo Wanyamwezi na Wasukuma wanazila hadi leo. Wakaazi wa njia ya Ujiji walipata dagaa, wanaoliwa na mifupa yao. Jua nalo, linaloupa mwili vitamini D ya kufyonzea kalisi, halikukosekana: utafiti uliotangazwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao uliwakuta na vitamini D nyingi kuliko kiwango cha kawaida cha Ulaya.

Msafarani mambo yaligeuka. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula, na thamani ya kitambaa ilitegemea mavuno ya wenyeji. Mvua ikikosekana Ugogo, au mazungumzo ya hongo, yaani ushuru wa kupita, yakichukua siku nyingi, tumbo ndilo lililolipa. Vita vya mtemi Mirambo kuanzia 1871 vilifunga njia na kupandisha bei. Wapo watakaosema kwamba kutembea na mzigo huimarisha mfupa, hivyo safari yenyewe ilikuwa dawa. Huimarisha, mtu akishiba na kupumzika. Mwili wenye upungufu wa kalisi huichota mifupani, na mzigo haungoji irudi. Aliyesafiri kiangazi kisha akarudi kulima alipata nafasi ya kujijenga upya. Aliyeunganisha safari na safari hakuipata. Uchunguzi wa picha za eksirei wa wabeba kuni wa Kongo umeonyesha jinsi pingili za shingo zinavyochakaa chini ya uzito wa kila siku.

Jaribio kali kuliko yote lilikuja na vita vya 1914 hadi 1918. Tabora ilitwaliwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na majeshi ya pande zote yalikuwa yakikamata wanaume wabebe mizigo. Mizigo hiyo mara nyingi haikuzidi ile ya pembe. Hata hivyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na utapiamlo, wakilishwa unga wasiouzoea na usioiva vizuri. Safari hii hapakuwa na msimu wa kurudi kulima, na mashamba yalibaki kwa wanawake, wazee na watoto. Ugogo, katikati ya njia ile ya zamani, majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, mvua ikakatika, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Watoto waliokuwa katika umri wa kujenga mifupa walipita miaka hiyo wakila mizizi na majani ya porini.