Moto wa Washana

Kabla ya reli ya Usambara kupita Same na kufika Moshi mwaka 1911, Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare, ilikuwa na sifa iliyovuka nyika hadi Uchagani, kwa kuwa Wachagga walitegemea chuma chake kwa mikuki na majembe; na wenye kazi hiyo walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi ambao, kwa mujibu wa Isaria Kimambo katika tarikhi ya siasa ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, ndio waliotawala hata Angovi wa ukoo wa Wasuya alipowapindua, yapata karne ya 16.

Mchanga mweusi wa chuma ulizolewa mitoni, na kuuzoa si hikima. Hikima ilikuwa motoni. Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, ambayo midomo yake hufumbuliwa na kufumbwa kwa mikono, ilikandamizwa kwa zamu ikapeleka upepo katika bomba la udongo lililochomekwa makaani, na mvukutaji akienda mbio joto lilipanda, akilegea likashuka. Moto ulipokataa kushika, mhunzi hodari hakukimbilia kuongeza makaa: alisikiliza kwanza mlio, maana ngozi iliyotoboka huvujisha pumzi, akatazama ule upenyo ulioachwa kusudi baina ya ncha ya mvukuto na bomba, ili mvukuto usivute miali ukaungua, kisha akachungulia kinywa cha bomba, lisije likawa limezibwa na mavi ya chuma.

Fundi wa leo atafutaye ubovu katika hita ya gari la umeme hafanyi tofauti. Bodi ya saketi ya hita hupokea ishara inayokatikakatika, na kadiri muda wa kuwaka unavyozidi ule wa kuzimika, ndivyo joto linavyoongezeka. Basi fundi hupima umeme uingiao, kisha ishara, ndipo ailaumu hita yenyewe. Mshana angemfahamu bila mkalimani.

Wengi huitupia reli lawama ya kuiua kazi ya Washana, nami naona wanaionea kidogo, kwani misafara ya Pangani ilikwisha kuleta nyuzi za chuma za ng'ambo kabla yake. Kuyeyusha kulikoma, kufua kukaendelea kwa vyuma chakavu. Mavi ya chuma yangali mashambani Ugweno: alimaye akiyakuta, tafadhali asiyatupe bondeni, bali awape habari watu wa mambo ya kale.