Ugonjwa wa Siku ya Saba: Habari za Watoto Wachanga toka Bulembia hadi Mpondwe

Kamati imetuomba sisi walimu tuandike kitu cha historia kwa toleo hili la ukumbusho. Habari za vita na za safari zimeandikwa na wengine. Sisi tumechagua habari za watoto wachanga, maana wengi wetu tuliingia Uganda kwa mpaka wa Mpondwe, na miongoni mwa akina mama waliopita pale na kulala Bwera walikuwamo wenye mimba kubwa na wenye vichanga vya siku chache mgongoni.

Zamani, pande zote mbili za mpaka, mtoto hakuhesabiwa kuwa amefika mpaka kitovu kianguke. Katika vijiji vingi hakutolewa nje, wala wageni hawakuonyeshwa. Nyanya zetu walikuwa na sababu. Mtoto alizaliwa mzima, akalia, akanyonya vizuri siku mbili tatu. Kisha akaanza kukataa titi. Kinywa kikakaza, mwili ukajikunja kama upinde kila alipoguswa au mlango ulipofunguliwa mwanga ukaingia. Mara nyingi ilikuwa karibu na siku ya saba, na wachache sana walipona. Watu walisema ni pepo, au ndege aliyepita juu ya nyumba, au jirani mwenye jicho baya. Hata jina la Kiswahili, pepopunda, limebeba pepo ndani yake.

Mwaka 1889 Mjapani Kitasato alifaulu kukitenga kijidudu chenyewe. Mbegu zake hukaa katika udongo na katika mavi ya ng'ombe na ya mbuzi, miaka na miaka, bila kufa. Zikipata jeraha lisilo na hewa, huzaa sumu inayokamata mishipa ya fahamu. Jeraha la mtoto mchanga ni kitovu, ambacho kilikatwa kwa ganda la tete au kisu cha shamba, kikafungwa kwa uzi wowote, kikapakwa majivu au samadi ili kikauke upesi.

Tusidhani haya yalikuwa ya Afrika peke yake. Katika kisiwa cha St Kilda huko Uskoti, karne ya 19, kuna miaka ambayo zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa walikufa kwa ugonjwa huu, na watu wa pale waliuona kuwa ni mapenzi ya Mungu. Ulikoma katika miaka ya 1890, baada ya mchungaji wao kwenda kujifunza njia safi za ukunga na kuzisisitiza.

Sasa turudi kwetu. Bulembia ni sehemu ya Kasese iliyo bondeni kwa mto Nyamwamba, chini ya Rwenzori. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na kampuni ya mgodi ikawa na hospitali yake kwa wafanyakazi na jamaa zao. Mke wa mchimbaji aliweza kuzalia penye mkasi uliochemshwa. Mama wa milimani, saa kadhaa kwa miguu, aliendelea na tete lake. Kisha zikaja taabu za miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ukasimama.

Lililobadili mambo ni sindano ya mama. Mjamzito akichanjwa, kinga anayotengeneza humpitia mtoto kwa kondo la nyuma, naye huzaliwa akiwa amelindwa kwa majuma yale ya hatari. Uganda ilianza mpango wake mkubwa wa chanjo mwaka 1983. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 1988 pepopunda iliua watoto wachanga 787,000 duniani. Mwaka 1989 mataifa yakaazimia kuiondoa, na kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Uganda ilithibitishwa kuwa imeiondoa mwaka 2011. Kongo yetu ilithibitishwa mwaka 2019. Mwaka huo huo jina la Bwera lilisikika duniani kote kwa ajili ya Ebola iliyovuka mpaka mwezi wa Juni, na habari hii njema ilipita karibu bila kutajwa redioni.

Lakini neno kuondoa lisitudanganye. Maana yake ni kwamba katika kila wilaya mgonjwa hafiki mmoja kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mbegu bado zimo ardhini, Bulembia, Bwera, na hapa kambini chini ya mikeka yetu.

Yako na mengine yanayowapata vichanga. Baridi ni mojawapo, hasa kwa aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza mwaka 1978 kuwafunga watoto hao kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo haihitaji umeme. Umanjano ni mwingine. Mwaka 1956, mwaka ule wa reli, muuguzi mmoja wa Uingereza aliona ngozi ya mtoto manjano ikipauka pale ilipopigwa na jua, na ndipo zikatoka taa za hospitali. Jua la uani halitoshi kuwa dawa: mtoto aliye manjano siku ya kwanza, au mpaka viganja na nyayo, apelekwe mara moja. Vivyo hivyo mwenye homa, aliyepoa kupita kiasi, au asiyenyonya.

Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe hata huduma zikahamishiwa mjini Kasese. Watu wa bonde lile walipoteza nyumba, na kadi za kliniki zikaenda na maji. Sisi zetu zilibaki Beni, Rutshuru, na njiani. Mama asiye na kadi asione haya wala asikisie. Amwambie mkunga hana, aanze upya: sindano mbili, ya pili baada ya majuma manne au zaidi, na iwe majuma mawili au zaidi kabla ya kuzaa. Nyingine tatu zitafuata baadaye, na zikifika tano zitamlinda miaka yake yote ya kuzaa. Na uchungu ukimkuta njiani, wembe mpya usiofunguliwa na uzi safi viwe ndani ya kanga yake. Kitovu kisipakwe samadi, majivu wala udongo, hata mama mkwe akisisitiza.