Gari la kale la Uingereza: Kagua kutu na hati kabla ya kulipa

MKAZI wa Gatuanyaga, mashariki mwa Thika, anayeuziwa gari la kale la Uingereza lililokarabatiwa hafai kuhadaiwa na rangi inayong'aa.

Mfano ni MGB, gari dogo la michezo lililoundwa kati ya 1962 na 1980. Zaidi ya magari 500,000 yaliundwa, ndiposa vipuri vyake vingali vinapatikana ng'ambo. Kuanzia 1968, muundaji alikuwa British Leyland, kampuni iliyoshirikiana na Serikali ya Kenya katika miaka ya 1970 kuanzisha kiwanda cha kuunganisha magari mjini Thika, ambacho sasa huitwa Kenya Vehicle Manufacturers.

MGB halina chasisi ya kando; bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito wote. Kutu ikila vyuma vya chini ya milango, gari hulegea katikati na milango hukataa kufunga sawasawa. Kwa hivyo, fundi aliinue gari na kupitisha sumaku kwenye vyuma hivyo. Isiponasa, huenda tundu limezibwa kwa lipu kisha likapakwa rangi.

Pia, nambari za chasisi na injini sharti zilingane na zilizo kwenye logibuku, na jina la muuzaji lithibitishwe katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kabla ya pesa kutolewa.

Injini iliyochakaa hurekebishika. Bodi iliyooza yaweza kugharimu kuliko bei ya gari lenyewe.